Pesa Imetoka, Till Haioni: Akses Pointi Inapomkosa Bosi Wake

Malalamiko haya tunayapata kutoka pande zote mbili za kaunta. Mteja amelipa, simu imelia, ujumbe wa kuthibitisha umeingia, lakini keshia anaangalia skrini yake na kusema, "Bado haijaingia." Foleni inaongezeka. Mteja anaambiwa alipe tena, ama akae kando angoje.

Mara nyingi pesa iko salama kwa till ya duka. Kilichokatika ni njia ya habari kufika kwa mashine ya keshia, na njia yenyewe ni Wi-Fi ya duka. Leo tunaeleza sababu moja ya Wi-Fi hiyo kulala, hasa duka linapofungua tawi jipya au kuongeza vifaa. Kama una biashara, msomee fundi wako. Kama wewe ni mteja tu, soma pia, maana pesa inayolipwa mara mbili ni yako.

Kwanza, njia mbili tofauti

Kile kidirisha kinachokuomba PIN, na ujumbe unaofuata, hupitia mtandao wa simu, yaani laini yako. Hakihitaji Wi-Fi wala bundles. Tableti ya keshia nayo hupata habari kupitia intaneti: mfumo wetu unaarifu seva ya duka kwamba malipo yamefika, kisha tableti inavuta habari hiyo kwa Wi-Fi. Kwa hivyo inawezekana kabisa wewe uwe umeshalipa na keshia asione kitu. Hakuna anayedanganya hapo.

Vile visahani vya darini

Duka kubwa, hoteli au ofisi ya sacco haitegemei ruta moja. Utaona visahani vyeupe vimefungwa darini. Mafundi huviita akses pointi. Ndivyo vinavyorusha Wi-Fi. Vikiwa vingi, mtu hawezi kuwa anapanda ngazi kubadilisha nywila ya kila kimoja, kwa hivyo vyote huwekwa chini ya kontrola, ambayo ni mashine au programu inayoviambia jina la Wi-Fi, nywila, na nani aruhusiwe kuingia.

Akses pointi mpya ikitoka kwa boksi haijui lolote. Haina jina la Wi-Fi la duka lako. Ikichomekwa kebo inafanya mambo mawili: inaomba anwani ya mtandao, halafu inaanza kumtafuta bosi. Kwenye duka moja lenye mtandao mmoja, kazi ni rahisi, kwa sababu inapiga kelele mtandaoni, "Kontrola iko wapi?" na kontrola inaitika.

Shida ni kwamba kelele hiyo haivuki ruta. Tuseme duka lako kuu liko Nakuru na kontrola iko huko, kisha umefungua tawi Naivasha. Akses pointi za Naivasha zitaita mpaka kesho na Nakuru haitasikia. Taa zinawaka, kebo ni nzima, umeme upo, lakini Wi-Fi hakuna. Tumeona wenye biashara wakirudisha vifaa dukani wakidhani ni vibovu, kumbe havijaambiwa tu pa kwenda.

Hapo ndipo DHCP inaingia

DHCP ndiyo huduma inayogawa anwani kwa kila kifaa kinachoingia mtandaoni. Huwa ndani ya ruta yenyewe, au kwa seva. Pamoja na anwani, inaweza kumpa mgeni maelezo mengine, na kila aina ya maelezo ina namba yake. Opsheni 43 imeachiwa watengenezaji waweke mambo ya vifaa vyao, na hapo ndipo anwani ya kontrola huwekwa. Ni kama mlinzi wa geti anayekupa kadi ya mgeni na kukuonyesha ofisi ya meneja papo hapo.

Mtego mkubwa ni namna ya kuiandika. Kila kampuni ina mtindo wake, na anwani huandikwa kwa heksadesimali. Chukua kontrola yenye anwani 192.168.10.5. Ukibadilisha kila namba, 192 inakuwa c0, 168 inakuwa a8, 10 inakuwa 0a, na 5 inakuwa 05. Kwa UniFi unatanguliza 01, kisha 04 ya kuonyesha kwamba anwani ina baiti nne, kwa hivyo unapata 0104c0a80a05. Kwa akses pointi za Cisco zinazotegemea kontrola unaanza na f1: f104c0a80a05. Ukiwa na kontrola mbili za Cisco, ya pili ikiwa 192.168.10.20, urefu unakuwa 08 na zote zinafuatana: f108c0a80a05c0a80a14. Ukikosea herufi moja, kifaa hakitakuambia umekosea. Kitanyamaza tu.

Maduka mengi ya kadiri hutumia ruta ya MikroTik, basi mfano wa huko ni huu, kwa tawi lenye mtandao wa 192.168.20.0/24:

/ip dhcp-server option add name=kontrola code=43 value=0x0104c0a80a05
/ip dhcp-server network set [find address=192.168.20.0/24] dhcp-option=kontrola

Baadaye zima akses pointi na uiwashe tena, ili iombe anwani upya na kupewa maelezo hayo. Kwa UniFi, kontrola itaonyesha kuna kifaa kinachosubiri kukubaliwa. Ni lazima mtu abonyeze akikubali. Kama kifaa kilishatumika mahali pengine, kirudishwe kwanza kwa hali ya kiwandani, la sivyo kitaendelea kumtafuta bosi wa zamani.

Bado haipatikani?

Usikimbilie kubadilisha opsheni. Anza na swali hili: je, Naivasha inafika Nakuru? Anwani inayoanza na 192.168 haitembei kwenye intaneti ya kawaida, kwa hivyo matawi yanahitaji VPN kati yao, na kila tawi liwe na mtandao wenye namba tofauti. Fayawali pia iruhusu poti husika: TCP 8080 kwa UniFi, na UDP 5246 na 5247 kwa Cisco na wengine wanaotumia CAPWAP.

Halafu tafuta ruta ya siri. Kuna yule mfanyakazi aliyeleta karuta kadogo kutoka nyumbani "ili neti ifike store." Kakichomekwa vibaya, kanaanza kugawa anwani zake, na hakajui habari ya opsheni 43. Akses pointi ikichukua anwani kutoka kwake, imepotea. Sisi tungependa karuta hako kasionekane karibu na mtandao wa till hata siku moja, na sababu si Wi-Fi kulala pekee: anayegawa anwani kwenye mtandao wako anaweza pia kuelekeza vifaa vyako kwa kontrola yake mwenyewe. Soketi ya ukutani iliyo wazi pale wateja wanakaa ni mlango wazi. Ifungwe kwenye swichi.

Lingine ni anwani kuisha. Mtandao wa /24 una anwani 254 za kugawa. Ukiwapa wateja Wi-Fi ya bure kwenye mtandao huo huo, na kila simu inashikilia anwani siku nzima, Jumamosi mchana akses pointi mpya haitapata yake. Weka wageni kwenye VLAN yao, na muda wa kushikilia anwani uwe mfupi, hata saa moja inatosha. Till na akses pointi zikae kwingine.

Wakati fundi yuko njiani

Keshia awashe data kwenye tableti, au aunganishe hotspoti ya simu ya duka. Kama hilo haliwezekani, aangalie ujumbe kwenye laini iliyosajiliwa na till, au taarifa ya till, na alinganishe namba ya muamala na ile iliyo kwa mteja: herufi, kiasi na saa. Asitegemee kuonyeshwa simu ya mteja peke yake, kwani ujumbe feki ni rahisi kutengeneza.

Nawe mteja, ujumbe wa kuthibitisha ukishaingia, usiweke PIN mara ya pili eti "tujaribu tena." Omba namba ya muamala itafutwe kwanza. Kama umeshalipa mara mbili, weka jumbe zote mbili, usizifute, na uombe duka lirudishe malipo ya pili ukiwa bado hapo kaunta. Likikataa, tupigie ukiwa na namba zote mbili mkononi. Hatutakuuliza PIN yako, na mtu yeyote anayekuuliza hatoki kwetu.