Nani Anafaidika? Maswali ya Kumuuliza Mtafiti wa Afya

[Muziki wa kufungulia, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Kama unayasoma maandishi haya baada ya kipindi, msomee na jirani yako asiyejua kusoma.

Leo tunaanzia sokoni. Ukienda kununua sambaza wa Ziwa Kivu, muuzaji anakupimia kwa mizani yake mwenyewe. Huenda ni mtu mwaminifu kabisa. Lakini mizani ikidanganya, yeye ndiye anayepata faida. Kwa hiyo unautazama mshale, na ukiwa na shaka unaomba mzigo upimwe kwenye mizani ya mtu mwingine. Hujamtukana mtu. Umejilinda.

Katika utafiti wa afya, jambo hili linaitwa mgongano wa maslahi. Ni pale mtu anayetakiwa kutuambia ukweli kuhusu dawa anapokuwa na faida yake ikiwa dawa hiyo itasifiwa. Faida si pesa peke yake. Inaweza kuwa cheo, jina, au fahari ya taasisi na ya nchi.

Tukumbuke yaliyotokea Kenya. Mwaka 1990, Rais Daniel arap Moi alitangaza dawa ya UKIMWI iliyoitwa Kemron, iliyotolewa na taasisi ya utafiti wa tiba ya nchi hiyo, KEMRI. Wagonjwa walijaa matumaini. Lakini wale waliosema dawa inafanya kazi ndio waliokuwa wameitoa na kuijaribu. Tena, katika utafiti wao hapakuwa na kundi la pili la wagonjwa wasiopewa dawa hiyo, ili makundi mawili yalinganishwe. Mgonjwa akipata nafuu, utajuaje ni dawa au ni chakula na uangalizi mzuri? Baadaye watafiti wengine, pamoja na wale wa Uganda waliowafuatilia wagonjwa zaidi ya 500, walilinganisha makundi mawili kwa uangalifu. Hawakuona faida yoyote. Si lazima tuseme kwamba mtu alidanganya. Aliyetamani sana jibu fulani anaweza kuliona hata mahali ambapo halipo.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Sasa tuvuke mpaka, twende Kongo ya mashariki. Novemba 2018, Ebola ikiendelea kuua watu Kivu Kaskazini, utafiti ulioitwa PALM ulianza. Ulifanyika katika vituo vya matibabu vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa nne zilijaribiwa. Mmoja wa viongozi wa utafiti huo alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, daktari Mkongomani anayeheshimiwa sana. Na mojawapo ya dawa hizo nne, iliyoitwa mAb114, ilitokana na kazi aliyoshiriki yeye mwenyewe. Ilitengenezwa kutokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Utauliza: je, huo si mgongano wa maslahi? Ndiyo, ni swali halali. Angalia basi jinsi mizani ilivyolindwa. Mgonjwa hakuchaguliwa dawa na daktari. Ilichaguliwa kwa bahati nasibu. Na waliotazama matokeo katikati ya safari ni kamati huru, si wenye dawa. Agosti 2019 kamati hiyo ilishauri utafiti usimamishwe mapema, kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimeonyesha wazi kwamba zinaokoa maisha zaidi. Kati ya waliopewa mAb114, wapatao 35 katika kila 100 walifariki. Waliopewa REGN-EB3, wapatao 34. Waliopewa dawa ya zamani iliyotumika kama kipimo, ZMapp, walikuwa karibu 50. Tangu hapo wagonjwa wapya walipewa zile mbili bora. Tunaziamini hesabu hizo kwa sababu mwenye dawa hakuachiwa mizani peke yake.

Hata hapa kwetu Rusizi jambo hili si geni. Desemba 2019, wilaya za Rusizi na Rubavu zilianza kutoa chanjo ya Ebola katika mpango ulioitwa UMURINZI, yaani mlinzi. Walengwa walikuwa hasa watu wanaovuka mpaka mara kwa mara. Chanjo ilikuwa ya sindano mbili, ya pili baada ya siku 56 hivi. Kampuni iliyoitengeneza, Johnson & Johnson, ndiyo iliyoitoa, na wakati huo ilikuwa haijapata idhini ya Ulaya; ilipewa Julai 2020. Watu zaidi ya 200,000 walichanjwa. Kampuni ilikuwa na faida yake, na mtu wa mpakani alikuwa na yake: kinga. Faida mbili zinaweza kukaa pamoja, mradi zote ziwe wazi.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Sasa wewe, msikilizaji. Siku moja mtu anaweza kuja hemani kwako na karatasi na kukuomba damu, majibu au sahihi. Muulize haya.

Moja: Nani analipia utafiti huu, na nani atafaidika ukifaulu?

Mbili: Haya ni matibabu ya kawaida, au ni jaribio?

Tatu: Ni kamati gani ya maadili iliyoruhusu, na nikidhurika nimwone nani?

Nne: Nikikataa, au nikijitoa katikati, nitapoteza nini? Jibu sahihi ni: hupotezi kitu. Mgao wako wa chakula, kadi yako na matibabu yako havihusiani na utafiti. Akikuambia vinahusiana, usitie sahihi. Wajulishe viongozi wa kambi na wahudumu wa afya.

Tano: Matokeo tutaletewa lini?

Omba akueleze kwa lugha unayoielewa. Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilikubali mwaka 1964 na kulirekebisha mara kadhaa tangu hapo, linataka mshiriki aelezwe chanzo cha fedha na mgongano wowote wa maslahi. Kwa hiyo ukiuliza, huombi hisani.

Tahadhari moja, ndugu yangu. Tusitoke hapa tukikataa kila chanjo na kila dawa. Ebola Kivu ilidhibitiwa kwa sababu watu walikubali kuchanjwa na kutibiwa. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukiutazama mshale. Mtafiti mwaminifu pia hakasiriki ukimuuliza. Atakaa chini akujibu.

Kaeni salama, na kwaheri hadi kipindi kijacho.

[Muziki wa kufungia]