Jazz ya Migori na Homa Bay: Kwa nini upande wa pili wa santuri una thamani

MTU akitaja santuri za jazz mbele ya wazee wa Migori au Homa Bay, majina ya kwanza kuwajia si Louis Armstrong wala Miles Davis. Watakumbuka Shirati Jazz na Victoria Jazz. Neno hilo lilienea Afrika Mashariki na Kongo kama pambo la bendi za dansi: OK Jazz ilianzishwa Leopoldville mwaka 1956, na Tanganyika ikawa na Western Jazz, Tabora Jazz na Morogoro Jazz. Kwa Waluo wa iliyokuwa Nyanza Kusini, muziki uliobeba jina hilo ulikuwa benga, ambapo gita hudonolewa kwa namna inayokumbusha nyatiti, chombo chao cha jadi chenye nyuzi nane.

Mkusanyaji anayeanza leo hukumbana na jambo moja linalomtatiza. Anatafuta albamu za zamani, ilhali benga ya miaka ya 1960 na 1970 haikutolewa hasa kwa albamu. Ilitolewa kwa santuri ndogo za inchi 7, zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Upande mmoja hubeba dakika chache tu, na kwa sababu hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya maneno. Msikilizaji alipogeuza santuri alipata sehemu ya pili, ambapo mara nyingi sauti hupungua, mwendo hushika kasi, nalo gita la solo hukimbizana na besi hadi mwisho. Wachezaji dansi waliisubiri sehemu hiyo. Anayesikiliza upande mmoja na kuirejesha santuri katika ganda lake amesikia nusu ya benga, tena pengine ile nusu iliyo hafifu.

Biashara ya santuri hizo ilivuka mipaka. Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Homa Bay, aliwarekodi Victoria Jazz na bendi nyinginezo, akauza kazi zao hadi kusini mwa Afrika. Nchini Zimbabwe jina lake likageuka kuwa jina la mtindo, watu wakasema wanacheza "kanindo". Hata muziki wa sungura wa huko unahusishwa na nembo yake ya santuri iliyoitwa Sungura.

Albamu zilikuja baadaye, na nyingi zilitoka Uingereza. Kampuni ya World Circuit ilitoa "Benga Beat" ya Shirati mwaka 1987. Mwaka 1989 zikafuata "Benga Blast!" ya Earthworks na "Piny Ose Mer" ya GlobeStyle, kisha GlobeStyle ikatoa "The Mighty Kings of Benga" ya Victoria Kings mwaka 1993. Mwaka 2010 Sterns ilikusanya nyimbo za miaka ya 1970 za Daniel Owino Misiani katika "The King of History". Hapa Kenya, Ketebul Music ya Nairobi ilitoa "Retracing the Benga Rhythm" mwaka 2008, kitabu kikiandamana na muziki na filamu.

Matoleo hayo yamefanya kazi kubwa, na bila hayo vijana wengi wasingemsikia Misiani, aliyezaliwa karibu na Shirati, Tanzania, mwaka 1940 na kufariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwezi Mei 2006. Hata hivyo, albamu ya nyimbo kumi hivi ni uteuzi wa mtu. Anayeteua akiwa London husikia magita kwanza. Msikilizaji wa Rongo au Ndhiwa husikia pia majina ya watu na vijiji yanayotajwa kwa sifa katikati ya wimbo, na mafumbo ambayo Misiani aliyatumia kuwasema watawala hadi akaingia matatani na serikali. Nyimbo ambazo hazikuteuliwa zimebaki katika santuri ndogo peke yake, zile zilizorundikwa chini ya vitanda na juu ya makabati.

Adui mkubwa wa santuri hizo ni joto. Nyumba ya mabati kando ya ziwa wakati wa kiangazi inatosha kuzipinda, hasa zikilazwa moja juu ya nyingine. Zinapaswa kusimamishwa wima, mbali na jua. Vumbi huondolewa kwa maji safi yenye sabuni kidogo na kitambaa laini, kwa kufuata mviringo wa mifereji. Sindano iliyochakaa isitumike kamwe. Hiyo hukwangua muziki wenyewe.

Karatasi ya katikati nayo isiloweshwe. Wengi huiona kama urembo, kumbe huenda ndiyo hati pekee iliyosalia. Mara nyingi hapo pameandikwa mtunzi, bendi, kampuni na namba ya santuri. Familia ya mwanamuziki inayodai mirabaha haina ushahidi mwepesi kuliko huo, hasa pale ambapo mkataba haukuandikwa au umepotea.

Madai hayo yana muda wake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Santuri iliyorekodiwa mwaka 1970 ilitoka katika ulinzi huo mwishoni mwa 2020, na za miaka iliyofuata zinatoka moja baada ya nyingine. Utunzi ni haki nyingine kabisa: hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Kwa mtunzi aliyefariki mwaka 2006, kama Misiani, muda huo unafika mwisho wa mwaka 2056, na anayenakili nyimbo zake leo kutoka santuri kuukuu ili aziuze bado anahitaji idhini ya wenye haki.