Namna ya kutengeneza mashua ya sinema, ndogo lakini ya kweli



Noa alipoagizwa kutengeneza safina, hakuambiwa tu kwamba iwe kubwa. Alipewa vipimo: mikono 300 urefu, 50 upana, 30 kwenda juu (Mwanzo 6:15). Mutu mwenye vipimo hivi anaweza kuchonga safina ya santimetre 30 kwa 5 kwa 3, nayo itakuwa sura ya kweli ya ile kubwa. Njo kazi ya modeli. Watoto wanaotengeneza magari ya waya wanajua nusu ya kazi hii, ni kusema macho. Nusu ingine ni hesabu.

Mwaka huu nilichagua mashua ya filimu «The African Queen». Juu ya nini ile? Kwa sababu ni ya muto wetu. John Huston aliipiga ile filimu mwaka wa 1951, sehemu moja Uganda na sehemu moja hapa Kongo, kwenye muto Ruiki, karibu na Ubundu. Ruiki unaingia katika Lualaba. Basi maji yanayopita hapa Mulongo yanashuka mpaka kukutana na maji ya ile filimu. Habari yake ni ya vita ya 1914: Rose, dada ya mumisionere, na Charlie, fundi wa mashine, wanashuka muto na mashua ya zamani ya moshi ili wazamishe manowari ya Wadachi ziwani.

Mashua yenyewe si ya kubuni. Ilijengwa Uingereza mwaka wa 1912, jina lake la kwanza ni «Livingstone», ikafanya kazi kwenye ziwa Albert. Urefu wake ni metre 9,14. Mwaka wa 2012 ilitengenezwa upya kule Key Largo, Marekani.

1. KUCHAGUA KIPIMO. Nilichagua moja kwa ishirini. Kila kitu kinagawanywa kwa 20, bila upendeleo. Metre 9,14 zinakuwa santimetre 45,7. Humphrey Bogart, aliyecheza Charlie, alikuwa na metre 1,73 hivi. Kwa modeli anakuwa santimetre 8,65. Ukigawanya mashua kwa 20 na mutu kwa 15, umetengeneza jitu ndani ya mutumbwi.

2. KUPIMA KWA PICHA. Hatuna mashua mbele yetu, tuko na picha tu. Hapa mutu anakuwa rula. Tuseme kwa picha Charlie ana santimetre 6, na bomba la moshi lina santimetre 5. Bomba basi ni tano kwa sita ya Charlie. Kwa modeli: 8,65 × 5 : 6 = santimetre 7,2. Lakini angalia, mutu na kitu lazima wawe mbali sawasawa na mupiga picha. Mutu aliye karibu anaonekana murefu, naye atakudanganya.

3. KUCHAGUA SAA. Mashua ya filimu haibaki vilevile. Mwanzoni iko nzima. Kiisha elisi inavunjika na chuma chake kinapindika, wanakitengeneza kando ya muto kwa moto. Kisha wanatoboa matundu mawili mbele, kwa kupitisha mitungi ya baruti. Ukitoboa matundu, usiache mbao safi na rangi mupya: mashua ile imekwisha kuteswa na muto. Mimi nilichagua saa ya mwanzo, mbele ya matundu.

4. KUJENGA. Tumbo nilichonga kwa muti mwepesi uliokauka vizuri, nikalitoboa ndani mpaka likabaki jembamba. Shodieri, ile pipa ya kuchemshia maji, ni kopo ndogo ya tomati. Bomba la moshi ni kipande cha tete kilichopakwa makaa. Nguzo za kivuli ni waya, na kivuli ni kitambaa cha shati ya zamani kilicholowekwa katika maji ya chai ili kisionekane kipya. Usukani uko nyuma, wa kushikwa kwa mukono, kwa maana Rose anausimamia pale.

5. UZITO. Hapa nilianguka. Nilijaza ile kopo mchanga, nikaweka na mizigo juu ya kivuli, nikaleta mashua mbele ya wenzangu katika beseni. Ikalala ubavu mara moja, Charlie na Rose wakaenda chini. Watu wakacheka. Mutoto mumoja wa darasa la chini akaniambia: «Yaya, umeweka uzito juu.»

Alisema kweli, na kosa langu lilikuwa mbili. La kwanza: uzito haugawanywi kwa 20. Urefu unagawanywa kwa 20, upana kwa 20, na kwenda juu kwa 20. Basi uzito ni 20 × 20 × 20, ni kusema 8.000. Mashua ya tani 4 inakuwa modeli ya gramu 500 tu. Yangu ilipita kilo moja. La pili: uzito wote ulikaa juu. Nilitoa mchanga, nikaweka vipande vya chuma chini kabisa, nikapima tena. Ikasimama. Niliipiga kwa kidole, ikayumba, ikarudi.

Kiisha tulifanya jaribu moja, nanyi mulifanye. Chukua mawe matano. Yaweke yote chini ya mashua: inasimama. Yatoe moja moja na kuyapandisha juu ya kivuli. Uzito haukuongezeka hata gramu moja, lakini kwa jiwe la tatu yangu iliyumba polepole, na kwa la ine ikapinduka. Hapo hakuna aliyecheka. Sisi wote tumeona boti zinazoshuka Lualaba, magunia chini, na watu juu ya magunia, na mbuzi juu tena. Na wengine kati yetu wanajua nyumba ambamo mutu hakurudi. Hata mashua ya filimu ilizama wakati wa kazi, wakaipandisha tena. Ile ya sinema inapandishwa. Watu hawapandishwi.

Kwa kumaliza: mwaka wa 1915, mashua mbili za vita za Waingereza, «Mimi» na «Toutou», zilivutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine na ng'ombe, zikafika Bukama, zikashuka Lualaba mpaka Kabalo, halafu Tanganyika. Basi zilipita hapa. Watu wa nchi hii walifanya kazi ngumu kwa ile safari, na filimu haiwataji. Kila moja ilikuwa na metre 12,2. Kwa moja kwa ishirini ni santimetre 61. Nani ataanza?

Modeli yangu iko katika kabati ya darasa la hesabu. Mutu anayetaka kuipima, aipime. Akikuta kosa, aniambie.