DAMU INAPOPITISHWA KWENYE UMEME

Mtoto mwenye selimundu husemwa amerogwa. Jamani, tuelewane: ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama, na damu yenyewe hutoa ushahidi.

Damu ina protini nyekundu, himoglobini. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, huko Marekani, walionyesha kuwa himoglobini ya selimundu hutembea tofauti kwenye umeme.

Tufikirie msongamano wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mwenye haraka hupenya mbele. Asiye na haraka hubaki nyuma. Maabara nako ni hivyohivyo. Damu huwekwa kwenye jeli, kitu laini kama uji ulioganda, kisha umeme hupitishwa. Himoglobini ya kawaida huvutwa zaidi, hutangulia. Ya selimundu huchelewa.

Mstari wa mbele tu: hana selimundu. Wa nyuma tu: ni mgonjwa. Yote miwili: ni mbebaji, na kwa kawaida haumwi.

Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Basi ndugu zetu, kabla ya ndoa tukapime. Na tuache kumlaumu mama peke yake.