1941: Picha ya vita iliyowavunja mbavu wengine, wengine ikawatia kichwa kuuma

UKITAKA kuanzisha ubishi katika kijiwe cha watu wanaojua sinema, wala usihangaike. Taja picha moja tu: 1941. Hapo hapo kijiwe kinagawanyika. Huyu atasema ni upuuzi mtupu, kelele mwanzo mwisho. Yule atasema nyie hamjaielewa, ile ni kazi ya mtu mwenye akili zake. Wa tatu hasemi kitu, anacheka peke yake, maana ameshakumbuka lile bembea la gurudumu linavyobingirika gatini kuelekea baharini.

Ubishi huu si wa leo. Ulianza Desemba 1979, picha ilipotoka Marekani, na hadi leo haujapata refa. Mwongozaji wake si mtu wa kubabaisha. Ni Steven Spielberg, ambaye wakati huo alikuwa hajafikisha hata miaka 33, lakini tayari alikuwa ameshaitikisa dunia mara mbili: 1975 kwa Jaws, ile ya papa mla watu, na 1977 kwa Close Encounters of the Third Kind, ile ya wageni kutoka angani. Sasa akasema anataka kuchekesha. Akapewa dola zaidi ya milioni 30, pesa ambayo kwa mwaka ule si mchezo, na kampuni mbili kubwa, Universal na Columbia, zikaungana kuibeba.

Nyota wamejaa kama daladala ya asubuhi

Stelingi ni nani? Hapo ndipo kasheshe inapoanzia. Hakuna! Au tuseme wapo kibao. Kuna John Belushi, rubani mchafu mwenye sigara mdomoni, anayeruka na ndege yake kutafuta Wajapani hata mahali wasipokuwepo. Kuna Dan Aykroyd, sajini wa kifaru. Kuna John Candy, Treat Williams, Nancy Allen, Tim Matheson na Ned Beatty. Kuna Robert Stack kama Jenerali Stilwell. Mickey Rourke naye yumo, enzi hizo bado hajulikani.

Kama hiyo haitoshi, wakaletwa wakongwe wawili wa nje. Mjapani Toshiro Mifune, yule wa Seven Samurai ya 1954, ndiye nahodha wa nyambizi. Mwingereza Christopher Lee, ambaye watu walizoea kumwona akinyonya damu kama Dracula, humu ni Mjerumani mwenye kiburi. Na wote wawili vita ile hawakuisoma vitabuni: Mifune aliitumikia katika jeshi la Japani, Lee katika jeshi la anga la Uingereza.

Hadithi yenyewe ni hivi. Tarehe 7 Desemba 1941, Wajapani waliishambulia Pearl Harbor kule Hawaii. Siku sita baadaye, watu wa Los Angeles hawalali, wanaamini zamu yao imefika. Kweli nyambizi moja ya Kijapani iko pwani, lakini imepotea njia, na nahodha wake hataki kurudi nyumbani mikono mitupu. Anataka apige kitu chenye heshima. Anaitafuta Hollywood! Vijana wake wanamkamata mkata miti mmoja anayeitwa Hollis Wood, akitaja jina lake wao wanasikia Hollywood, basi wanadhani wamepata ramani. Kwa usiku mmoja, mji mzima unageuka patashika nguo kuchanika.

Wanaoipenda wanasemaje?

Kundi la kwanza ni la wanaoipenda, nao wana hoja. Wanasema tazama mwanzo wake. Msichana anavua nguo alfajiri na kuingia baharini kuogelea, muziki unaanza kunguruma taratibu kama ule wa Jaws, unajua papa huyo anakuja. Kinachoibuka ni nyambizi! Na msichana ni yule yule Susan Backlinie aliyeliwa na papa mwaka 1975. Jamaa anajitania mwenyewe. Wangapi wanaweza?

Wanasema pia tazama dansi. Kijana muosha vyombo anagombea msichana na koplo mbabe, shindano la dansi linageuka ngumi, ngumi zinaendelea kuwa dansi, na muziki wa John Williams haupumziki. Hata watu wasioitaka picha hii hukubali kwamba kipande hicho ni moto wa kuotea mbali.

Halafu kuna utaalamu. Ndege zinapita katikati ya barabara ya Hollywood, kifaru kinapenya kiwanda cha rangi, bembea linang'oka. Kompyuta za kutengenezea mambo hayo hazikuwepo. Mafundi walijenga mitaa midogo midogo ya kuchezea, wakaipiga picha ukadhani ni mji kamili. Kazi hiyo iliipa picha nafasi ya kugombea Oscar tatu: upigaji picha, sauti na maajabu ya kiufundi. Haikuambulia hata moja, lakini kuteuliwa nako ni jambo.

Mashabiki wa kweli wana hoja moja zaidi. Wanadai iliyoonyeshwa kumbini, ya dakika 118, ilikatwa mno baada ya onyesho la majaribio kupokelewa vibaya. Wanakuambia tafuta toleo refu la dakika 146, humo wahusika wanapata nafasi ya kupumua, na wewe mtazamaji unajua nani ni nani kabla hajaangukiwa na ukuta.

Na wanaoiponda?

Kundi la pili halina simile. Wanasema kichekesho ni kama pilipili, unatia kiasi. Hapa mtu anaanguka, anapigwa, anapiga kelele, nyumba inabomoka, kisha inabomoka nyingine. Baada ya nusu saa, mlipuko haukushitui tena. Mtu akianguka mara moja utacheka. Akianguka mara hamsini utaanza kumwonea huruma, au utaangalia saa.

Wanalalamika pia juu ya huo utitiri wa nyota. Kila mmoja anapewa dakika zake mbili za kufanya fujo, kisha anapisha mwingine. Humjui mtu vya kutosha hata ujali anapopatwa na balaa. Waandishi wengi wa sinema wa Marekani waliichana vibaya sana ilipotoka. Nyota mkubwa wa picha za vita na za cowboy, John Wayne, alipelekewa hadithi ili acheze kama jenerali, akakataa, tena akamshauri Spielberg aachane nayo kwa kuwa aliona inaidhihaki nchi.

Watu wengi hudhani picha ilianguka kabisa kimapato. Si kweli. Iliingiza zaidi ya dola milioni 90 duniani, na sehemu kubwa ikatoka nje ya Marekani. Lakini baada ya Jaws, watu walitaka muujiza, sio faida tu.

Mimi nasimama wapi?

Kwa mtazamo wangu, makundi yote mawili yanabishana juu ya kelele na kusahau jambo lenyewe. Hebu hesabu ni nani anayeubomoa mji humu ndani. Wajapani? Wapi! Hao wanahangaika na redio isiyopita kwenye mlango wa nyambizi. Wanaovunja, kuchoma na kutunguana ni Wamarekani wenyewe. Rubani anatungua ndege ya mwenzake. Baba mwenye nyumba anashika mzinga wa jeshi ili ailinde nchi, anaimaliza nyumba yake, na mwishoni inateremka bondeni wakati anagongomelea shada la Krismasi mlangoni. Jenerali yeye yuko sinema anamwangalia tembo Dumbo, machozi yanamtoka, huku nje mji unawaka. Hicho ndicho kichekesho, nacho ni kikali.

Tena hakikutungwa hewani. Tarehe 23 Februari 1942, nyambizi ya kweli ya Kijapani, I-17, ilipiga mizinga kwenye visima vya mafuta vya Ellwood karibu na Santa Barbara. Haikuua mtu. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 25, Los Angeles ikapagawa. Jeshi lilifyatua mizinga zaidi ya 1,400 kuelekea angani. Hakuna ndege ya adui iliyopatikana. Watu kadhaa walikufa, sio kwa bomu la Mjapani, bali kwa ajali za magari gizani na kwa mshituko wa moyo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoishangilia picha hii bila breki. Woga ule ulikuwa na upande usiochekesha. Tarehe 19 Februari 1942, Rais Franklin Roosevelt alitia saini amri iliyofungua njia ya kuwaondoa watu wenye asili ya Japani pwani ya magharibi. Watu wapatao 120,000 walitolewa majumbani na kupelekwa makambini, na wengi wao walikuwa raia wa Marekani. Maduka yalifungwa, mashamba yakaachwa, watoto wakasomea nyuma ya seng'enge. Serikali ilikuja kuomba radhi rasmi mwaka 1988 na kuamua kumlipa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000.

Katika 1941 hao huwaoni. Wajapani ni wale wa nyambizi tu. Yule jirani mwenye duka la mboga, aliyezaliwa hapo hapo California, hayumo. Najua mtaniambia picha ya kuchekesha sio darasa la historia. Sawa. Lakini ukimcheka mtu anayekimbia ovyo kwa woga, ni haki uonyeshwe na aliyekanyagwa. Nasi tunazijua mbio hizo. Mtu mmoja akipaza sauti ya "mwizi!", mtaa mzima una mawe mkononi kabla hajaulizwa kaiba nini.

Kwa hiyo nawaambia, itazameni. Mtacheka, na mahali pengine mtachoka, hilo halina ubishi. Spielberg mwenyewe alijifunza: mwaka 1981 akaja na Raiders of the Lost Ark, iliyonyooka na yenye stelingi mmoja anayeeleweka. Waliomwandikia hadithi, Robert Zemeckis na Bob Gale, wakaja kuibuka na Back to the Future mwaka 1985. Belushi maskini hakufika mbali, alifariki Machi 1982 akiwa na miaka 33.

Ukiiona, chunguza kitu kimoja: nani alifyatua risasi ya kwanza, na alikuwa amemwona nani. Halafu kaendelezeni ubishi wenu kijiweni. Mimi ni hayo tu kwa leo, tukutane wiki ijayo.