Si kila mwoga ni "coward"

Ukitoka Mombasa kwa basi kwenda Nairobi utapita Mtito Andei, kisha Kibwezi. Huko ndovu hutoka Tsavo au upande wa milima ya Chyulu wakaingia mashambani usiku. Wapo wakulima wanaowasha moto na kupiga mabati kuwafukuza. Wapo wanaofunga mlango na kuyaacha mahindi yaende. Huyu wa pili tukimwita mwoga kwa Kiswahili, huenda akacheka na kukubali. Mwite "coward" na umemtukana.

Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba "coward" ni mwoga, basi. Lakini mwoga wetu ni mtu mwenye woga tu, na pengine ana sababu. Wahenga hata wanamsifu: kunguru mwoga aliponya ubawa wake, na kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. "Coward" hana wa kumsifu. Neno hilo lina hofu ndani yake, na pia lina wajibu ulioachwa kwa ajili ya hofu hiyo. Mtoto anayeogopa giza si "coward". Huyo ni "timid", mwenye haya na hofu nyepesi.

Asili ya neno ni mkia. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao kutoka Kilatini. Sisi nasi tunasema fulani amefyata mkia, na hapo ndipo tunapolikaribia "coward" kuliko tunaposema mwoga, kwa sababu kufyata mkia kuna dharau. "Chicken" ni la watoto wakichokozana. "Pusillanimous" ni la wasomi, maana yake roho ndogo mno. Wengi wanaolitumia wanataka tu kuonekana wamesoma.

Chukua kisa cha Tsavo, mwaka 1898. Simba wawili walikuwa wakiwala vibarua wa reli waliotoka India. Mwanzoni mwa Desemba mamia yao walidandia treni wakarudi pwani, na ujenzi wa daraja ukasimama kwa wiki zipatazo tatu. Patterson, mhandisi aliyewaua simba hao mwezi huohuo, alikiandika kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1907. Je, vibarua wale walikuwa "cowards"? Mimi nasema la. Mkataba wao ulikuwa wa kujenga reli, si wa kulala hemani wakingoja kuliwa. Waoga walikuwa, na woga wao uliwaponya.

Kwa askari neno hili ni zito zaidi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake 18 kwa kosa la "cowardice". Mmoja wao, Harry Farr, aliuawa Oktoba 1916 ingawa alikuwa amewahi kulazwa hospitalini kwa mshtuko wa mizinga. Msamaha ulikuja 2006, miaka 90 baadaye. Mgonjwa alihukumiwa kwa jina la aliyekimbia wajibu.

Linalotuhusu zaidi sisi wa pwani ni habari za redioni. Likitokea shambulio, taarifa ya Kiingereza husema "cowardly attack", na mtangazaji akatafsiri "shambulio la woga". Msikilizaji wa Lamu hujiuliza: woga gani wa mtu aliyekuja na bunduki? Kiingereza hapo hakisemi kwamba muuaji aliogopa. Kinasema amewavamia wasioweza kujitetea, kisha akatoweka gizani. "Dastardly" nalo ni hivyohivyo, na limezidi kwa hila. Heri mtangazaji aseme "unyama dhidi ya raia wasio na silaha". Ni maneno mengi zaidi, lakini aliyefiwa ataelewa.

Na anayetafsiri kwenda Kiingereza naye aangalie. Mcha Mungu haogopi kama anayemwogopa simba; kucha ni hofu yenye heshima ndani yake. Huyo Kiingereza humwita "God-fearing".