Waandishi na Milima (5): Mgeni wa Leukerbad

Makala zilizotangulia zilimwacha mshairi Rilke katika ngome yake ya Muzot, na azma yangu ilikuwa leo tumsindikize hadi kaburini kwake Raron. Lakini zimefika habari kwamba kijiji cha Leukerbad, katika jimbo hilo hilo la Valais nchini Uswisi, kimo katika maandalizi ya tamasha la kimataifa la fasihi ambalo tangu 1996 hukusanya waandishi huko kiangazi kinapoanza, na mimi, wanijuao wanajua, sina subira mahali hapo panapotajwa.

Umaarufu wa asili wa kijiji hicho, kilicho mita 1,400 na zaidi juu ya bahari, chini ya majabali ya Gemmi, ni maji yatokayo ardhini na joto la nyuzi 51. Mark Twain, katika kitabu chake cha 1880, asimulia jinsi wagonjwa, wake kwa waume, walivyokaa birikani saa nyingi, maji yakiwafika vifuani, na mbele yao vikielea vimeza ambavyo juu yake walisoma, walikula na kucheza sataranji! Ningependa kuongeza kwamba Conan Doyle alimpitisha Sherlock Holmes njia hiyo hiyo ya Gemmi, ila nafasi yanibana.

Aliyekipa kijiji daraja yake katika fasihi, hata hivyo, hakwenda kuoga. James Baldwin, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Harlem, alifika 1951 katika nyumba ya jamaa za rafiki yake Mswisi, akarudi wakati wa baridi na taipureta na sahani mbili za santuri za mwimbaji Bessie Smith, na katika theluji ile, huku sauti ya mwanamke yule ikimrejeshea lafudhi ya utotoni aliyokuwa akiionea haya, akaikamilisha riwaya yake ya kwanza. Watoto walimpigia makelele njiani kwa rangi yake. Watu walimgusa nywele na mkono, wakastaajabu rangi haitoki. Na mke wa mwenye mkahawa, asidhani kwamba anamuudhi, alimweleza kwa furaha idadi ya Waafrika ambao kijiji "kimewanunua" mwaka uliopita, yaani sadaka iliyochangwa ili wamishenari wakawatie katika Ukristo. Insha aliyoiandika juu ya hayo, iliyotoka katika jarida la Harper's mwaka 1953, haina tusi hata moja, na hapo ndipo nionapo adabu ya mwandishi wa kweli: hasira anayo, lakini ameitia lijamu, akaiendesha kutoka kijijini hadi Marekani, kwenye hesabu ya weupe na weusi ambayo hadi leo haijafungwa.

Tamasha lenyewe? Vitabu husomwa mahotelini, katika korongo la mto Dala, na usiku wa manane juu ya Gemmi, nalo ni jambo jema. Teju Cole, mwandishi mwenye asili ya Nigeria, amekwisha kwenda kuzifuata nyayo za Baldwin na kuandika aliyoyaona. Rai yangu kwa waandalizi ni moja: insha ile isomwe kila mwaka, yote, kwa sauti, katika kanisa ambamo Baldwin alikiona kisanduku cha sadaka kilichopambwa kwa kinyago cheusi, na msomaji asiwe mwandishi mwalikwa bali mwenyeji, ikiwezekana mmoja wa wazee waliokuwa watoto mwaka ule.